Uzito, Tungamo na Nguvu: Istilahi za Mwendo katika Mbio za Magari ya Miraba Minne

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayofanyishwa kazi kupita kiasi, neno nguvu halikosi kuwamo. Mtu mwenye afya ana nguvu. Dawa kali ina nguvu. Sheria iliyopitishwa ina nguvu. Na injini kubwa nayo ina nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halimdhuru mtu, maana msikilizaji huipambanua maana kwa kuangalia muktadha. Lakini tunapoingia katika maelezo ya sayansi na ufundi, neno moja lililobebeshwa dhana nne hugeuka kuwa kikwazo. Tuchukue sentensi kama hii: "Nguvu ya injini hulipatia gari nguvu ya kwenda mbele, na nguvu hiyo hugeuka kuwa nguvu ya mwendo." Mwanafunzi atakayeisoma atafunga kitabu bila kujua ni nguvu ipi iliyozaa ipi.

Neno uzito nalo lina mkasa wa namna hiyo. Twasema gunia ni zito kwa sababu linatulemea begani, na twasema mkokoteni ni mzito kwa sababu hausukumiki. Haya ni mambo mawili, wala si jambo moja, ijapokuwa aghalabu huandamana.

Katika makala haya tumekusudia kuyapambanua maneno hayo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni ule wa magari ya mbio yaliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, katika magari hayo uzito ulikuwa suala la kushinda au kushindwa, hata watengenezaji wakathubutu kutoboa chuma na kung'oa viti ili kupunguza kilo chache. Pili, ubishi wa vijana kuhusu gari lipi ni bora aghalabu huishia katika ukubwa wa injini peke yake. Tutaona kwamba injini ni nusu tu ya habari, na kwamba nusu ya pili haielezeki mpaka tuwe na maneno yaliyowekewa mipaka.

Jina la magari yenyewe

Magari tunayoyazungumzia yalikuwa na sifa inayotambulikana kwa urahisi: bodi ya ukubwa wa kati, bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu, na injini kubwa ya silinda 8 iliyokusudiwa kwa gari kubwa zaidi. Wengi hulihesabu gari la Pontiac GTO la mwaka 1964 kuwa ndilo lililoanzisha mtindo huo. Injini yake ilikuwa ya lita 6.4, na ilikadiriwa kutoa nguvu za farasi 325 katika umbo lake la kawaida, ilhali gari lenyewe lilikuwa na takriban kilo 1,600.

Wamarekani huyaita magari hayo kwa jina linalotokana na misuli ya mwili. Je, nasi tuseme "magari ya misuli"? Tunaona kwamba jina hilo lingekuwa tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia kitu Mswahili, kwani kwetu msuli ukitajwa humkumbusha mtu maumivu au nguo ya kujifunga kiunoni kabla ya kumkumbusha ushupavu. Wako wanaopendelea "magari ya mabavu". Neno hilo lina uzuri wake, lakini kutumia mabavu ni kudhulumu, na gari halimdhulumu mtu isipokuwa dereva wake ametaka. Lugha yetu tayari ina msemo unaofaa: mtu aliyejengeka mwili, mwenye kifua na mabega mapana, huitwa mtu wa miraba minne. Msemo huo unachukua maana zote mbili zinazohitajika hapa, yaani nguvu nyingi na umbo zito. Kwa hiyo katika makala haya tutayaita magari ya miraba minne, na tunalitoa pendekezo hilo kwa wasomaji walipime.

Uzito na tungamo

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na hupimwa kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia hukivutia kitu hicho chini, na katika sayansi hupimwa kwa nyutoni. Hapa duniani kila kilo moja ya tungamo huvutwa kwa kani ya karibu nyutoni 9.8. Kwa hiyo gari lenye tungamo la kilo 1,800 lina uzito wa nyutoni 17,700 hivi.

Msomaji atauliza: ikiwa vitu hivi viwili huongezeka na kupungua pamoja, kuna haja gani ya kuvitenga? Jibu linaonekana vizuri mahali ambapo havikuandamana. Mwezi Julai 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliendesha gari juu ya mwezi kwa mara ya kwanza. Gari hilo lilikuwa na tungamo la kilo 210, na tungamo hilo halikupungua hata chembe kwa kusafirishwa. Lakini uvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, na kwa hiyo gari liliikandamiza ardhi ya huko kama vile kitu cha kilo 35 kinavyoikandamiza ardhi ya hapa. Kulinyanyua kulikuwa rahisi mara sita. Ama kuliondoa katika kusimama, kuligeuza au kulisimamisha kulihitaji kani ile ile ambayo ingehitajika duniani, nayo magurudumu yalishika ardhi kwa udhaifu zaidi.

Mfano huo unatupa ufunguo wa habari yote. Tungamo ndilo linalokataa kuondoka na kukataa kusimama. Tabia hiyo huitwa inesha. Uzito ndio unaolikandamiza tairi barabarani na kulipa mshiko. Injini hulalamika kwa sababu ya tungamo; tairi hunufaika kwa sababu ya uzito. Mwendeshaji wa mbio hupenda kupunguza la kwanza bila kuupoteza wa pili mahali unapohitajika, na mafundi wa mbio wamehangaika na hilo miaka yote.

Hata hivyo, hatuna nia ya kuwakataza watu kusema "uzito wa kilo 1,800". Sokoni na kwenye mizani za barabarani usemi huo ni sahihi kwa matumizi yake, nasi pia tutautumia pale ambapo hakuna hatari ya kukanganya.

Kani, kazi, nishati na nguvu

Sasa tulitue neno nguvu mizigo yake. Msukumo au mvuto wowote unaobadili mwendo wa kitu tutauita kani. Kani ikikisogeza kitu katika masafa fulani, kazi imefanyika. Uwezo uliohifadhiwa wa kufanya kazi, uwe katika petroli, katika betri au katika gari lililokwisha kushika mwendo, tutauita nishati. Neno nguvu litabaki na maana moja tu, nayo ni kiasi cha kazi kinachofanywa kwa kila sekunde. Kwa maana hiyo, nguvu hupimwa kwa wati au kilowati, na kipimo cha kale cha nguvu moja ya farasi ni sawa na wati 746.

Aidha, badiliko la kasi kwa kila sekunde tutaliita mchapuko, neno lenye asili katika kuchapuka, yaani kuongeza mwendo. Kanuni aliyoitoa Isaac Newton mwaka 1687 sasa inaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kutatizika: mchapuko ni sawa na kani iliyogawanywa kwa tungamo. Kani ikiwa ile ile, tungamo likipungua mchapuko huzidi.

Kutoka hapo huzaliwa jambo la pili ambalo halina budi kukumbukwa. Nguvu ni kani mara kasi. Kwa hiyo injini inayotoa nguvu ile ile hutoa kani kubwa gari likiwa polepole, na kani ndogo gari likiwa mbio. Kwa mfano, kilowati 200 zikifika kwenye magurudumu gari likiwa katika kasi ya mita 10 kwa sekunde, kani yake ni nyutoni 20,000. Kasi ikifika mita 40 kwa sekunde, nguvu zile zile hutoa nyutoni 5,000 tu. Kani hiyo ikisukuma kilo 1,800, mchapuko ni mita 2.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Ikisukuma kilo 1,600, mchapuko ni 3.1. Kwa mtu aliyeketi ndani tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye mstari wa kumalizia ni kubwa.

Robo maili

Mbio zilizoyapa magari haya sifa ni zile za kushindana kwa mstari ulionyooka, magari mawili kwa mara moja, katika masafa ya robo maili, yaani mita 402. Chama cha National Hot Rod Association, kilichoanzishwa mwaka 1951, ndicho kilichoziwekea mbio hizo kanuni na madaraja. Katika madaraja mengi magari yalipangwa kwa kuangalia kila nguvu moja ya farasi inabebeshwa kilo ngapi. Kipimo hicho tutakiita uwiano wa uzito na nguvu.

Mbio za robo maili zina vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, tangu taa ya kijani mpaka gari lishike kasi, injini ina kani nyingi kuliko tairi zinavyoweza kuhimili. Dereva akikanyaga mafuta bila hadhari, tairi huzunguka mahali pamoja zikitoa moshi. Hapa kinachotawala ni mshiko. Na kwa kuwa mshiko hutokana na uzito, ilhali mchapuko hupunguzwa na tungamo, mambo hayo mawili karibu hufutana: gari zito na gari jepesi, tairi zikiwa za namna moja na uzito ukigawanyika sawasawa, huweza kuondoka bega kwa bega.

Kipindi cha pili huanza pale kani ya injini inaposhuka chini ya uwezo wa mshiko. Tangu hapo tairi hazitelezi tena, na ni nguvu na tungamo vinavyoamua. Gari jepesi lina faida maradufu, kwa maana linachapuka zaidi katika kipindi hiki, na tena linaweza kuuendeleza mchapuko wa kipindi cha kwanza hadi kasi kubwa zaidi.

Tufanye hesabu. Tuchukue gari lenye kilo 1,800 pamoja na dereva, na nguvu ya kilowati 200 kwenye magurudumu. Tuseme kwamba tairi hazitelezi hata kidogo, na tuuache kando ukinzani wa hewa. Hesabu ya kazi na nishati hutuonyesha kwamba gari hilo litamaliza mita 402 kwa sekunde 11.78, likiwa na kasi ya kilomita 184 kwa saa. Kwa kweli gari halisi lingechelewa zaidi, lakini hesabu hii yatosha kwa kulinganisha. Sasa tuondoe kilo 200 bila kugusa injini. Muda unashuka hadi sekunde 11.33. Tofauti ni chini ya nusu sekunde. Hata hivyo, katika kasi ile, gari zito litakuwa nyuma kwa mita 23 hivi wakati jepesi linapokata mstari, yaani urefu wa magari manne na zaidi. Ili gari zito lifute tofauti hiyo kwa njia ya injini, litahitaji kuongezewa kilowati 25, sawa na nguvu za farasi 33 au 34.

Mafundi wa mbio hizo wana kanuni yao ya mkononi: kila pauni 100, yaani kilo 45, hugharimu sehemu moja ya kumi ya sekunde katika robo maili. Hesabu yetu inakubaliana nayo. Hata hivyo kanuni hiyo si ya kuendelezwa bila kikomo. Kinachobadilika moja kwa moja na muda si uwiano wa uzito na nguvu wenyewe, bali ni kipeuo chake cha tatu. Uzito ukiongezwa maradufu, muda hauongezeki maradufu. Huongezeka kwa asilimia 26. Ili muda uwe maradufu, uzito hauna budi kuzidishwa mara 8. Ndiyo maana kila kilo inayopunguzwa ina faida, lakini hakuna anayegeuza kobe kuwa swala kwa kulivua gari viti tu.

Jinsi uzito ulivyopunguzwa

Historia ya magari ya miraba minne ina visa vingi vya juhudi hizo. Mwaka 1963 kampuni ya Pontiac ilitengeneza magari 14 ya aina ya Catalina ambayo fremu zake zilitobolewa matundu mengi kila upande, na baadhi ya sehemu za bodi zikafanywa kwa alumini badala ya chuma. Kwa sababu ya matundu hayo watu waliyapa magari hayo jina la utani la jibini ya Uswisi.

Mwaka 1964 Ford ilitoa magari 100 ya Fairlane yaliyopewa jina la Thunderbolt. Injini ya lita 7 ilishindiliwa katika gari lisilojengwa kwa ajili yake. Boneti, madigadi za mbele na milango vilifanywa kwa faibaglasi, na vioo vya madirisha, isipokuwa kile cha mbele, vikawa vya plastiki. Redio, hita, kikinga jua cha abiria, waipa ya upande wa abiria, tairi la akiba na jeki viliondolewa. Kanuni za daraja lake zilidai gari lisipungue pauni 3,200, yaani kilo 1,451, na Thunderbolt liliukaribia mno mpaka huo. Hapo msomaji anaona jambo la kufundisha: kanuni isingeweka kima cha chini kama uzito usingekuwa na thamani.

Mwaka 1968 yalifuata magari ya Dodge Dart na Plymouth Barracuda yenye injini ya Hemi ya lita 7. Milango yake ilichovywa katika asidi ili bati liwe jembamba. Vioo vilikuwa vyembamba kuliko kawaida. Kiti cha nyuma hakikuwamo. Na mitambo ya kupandishia vioo vya milango iliondolewa, mahali pake pakawekwa ukanda wa kuvutia kwa mkono. Gari hilo lilikuwa na takriban kilo 1,400, na injini yake ilikadiriwa kuwa na nguvu za farasi 425. Tukilinganisha, Pontiac GTO ya 1964 ilibebesha kila farasi karibu kilo 4.9, Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye injini kubwa kuliko zote ilizopewa, ya lita 7.4 na nguvu za farasi 450, ilibebesha kilo 4 hivi. Ama Dart ya Hemi ilibebesha kilo 3.3 tu. Injini ya Chevelle ilitajwa kuwa na nguvu zaidi kuliko ya Dart, lakini uwiano unaipa Dart ushindi.

Yafaa tutahadharishe kwamba takwimu hizo za farasi zilipimwa injini ikiwa juu ya kitako cha kupimia, bila baadhi ya vitu inavyovibeba ikiwa ndani ya gari. Tangu magari ya mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu halisi zaidi, injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Anayelinganisha takwimu za kabla na baada ya mwaka huo bila kujua hayo atapotoka.

Mahali pa uzito

Kiasi cha uzito hakitoshi; yabidi tujue pia umekaa wapi. Magari ya miraba minne yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, lakini injini zake kubwa za chuma zilikaa mbele. Matokeo yake ni kwamba sehemu iliyo kubwa ya uzito ilikandamiza tairi zisizosukuma. Gari linapochapuka, sehemu ya uzito huhamia nyuma na pua ya gari huinuka. Jambo hilo tutaliita mhamo wa uzito. Mhamo huo humsaidia dereva wa robo maili, maana huziongezea tairi za nyuma mshiko wakati ule ule unapotakiwa. Ndiyo sababu katika Thunderbolt betri kubwa iliwekwa ndani ya buti, karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Betri ilikuwa nzito, lakini uzito wake ulikuwa umepewa kazi.

Njia nyingine ilikuwa kupunguza uzito wa pua yenyewe. Mwaka 1969 Chevrolet ilitengeneza magari 69 ya Camaro yenye injini ya lita 7 iliyofanywa kwa alumini, nyepesi zaidi kuliko ndugu yake ya chuma. Kadhalika, kilo iliyomo katika gurudumu si sawa na kilo iliyomo katika kiti. Kilo iliyo kwenye ukingo wa gurudumu huhitaji kusukumwa mbele na kuzungushwa pia, hivyo hudai nishati ya kama kilo mbili. Fundi mwerevu huanzia hapo.

Kona na breki

Mpaka sasa tumezungumzia mstari ulionyooka. Katika njia yenye kona, tungamo hudai malipo kila mara. Gari linapopita katika pinde, tairi hazina budi kulivuta kuelekea kitovu cha pinde hilo. Kwa pinde lenye nusu kipenyo cha mita 100, na kasi ya kilomita 90 kwa saa, kilo 1,800 hudai kani ya nyutoni 11,250, ilhali kilo 1,600 hudai nyutoni 10,000. Mtu anaweza kudai kwamba gari zito lina mshiko zaidi pia, kwa hiyo hesabu hufutana kama tulivyoona mwanzoni. Ingekuwa hivyo kama mpira wa tairi ungekuwa mwaminifu kabisa. Lakini mpira ukikandamizwa maradufu hautoi mshiko maradufu, hutoa pungufu. Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa hudai mshiko kamili na kuchangia mshiko uliopunguka, na pale ambapo uzito mwingi umekaa mbele, tairi za mbele ndizo hushindwa kwanza, gari likaendelea kwenda mbele wakati dereva amekwisha kukata usukani.

Jambo hilo lilidhihirika katika mashindano ya Trans-Am yaliyoanza mwaka 1966, ambamo injini zilizuiwa kupita lita 5. Gari lililotamba huko halikuwa lile lenye injini kubwa, bali Camaro Z/28 yenye injini ndogo na nyepesi ya lita 4.9. Mwaka 1967 Camaro ya timu ya Roger Penske ilichovywa katika asidi ili kupunguza bati. Mwaka 1968 Mark Donohue, dereva wa timu hiyo, alishinda mashindano 10 kati ya 13.

Ama kuhusu breki, ndipo neno nishati linapoonyesha faida yake. Kulisimamisha gari ni kuigeuza nishati yake yote ya mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,800 likiwa katika kasi ya kilomita 160 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 1,780. La kilo 1,600 lina 1,580. Magari mengi ya miraba minne yalitoka kiwandani yakiwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na dramu haitoi joto kwa haraka. Breki ikanyagwapo mara ya kwanza hushika. Mara ya tatu na ya nne, ikiwa imepata moto, hulegea. Injini ilikuwa imetangulia, breki zimebaki nyuma, na tungamo liko katikati likidai haki yake.

Uzito warejea

Enzi ya kwanza ya magari haya ilikoma kwa sababu kadhaa: bei za bima, sheria za Marekani za mwaka 1970 za kusafisha hewa, na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973. Kuanzia magari ya mwaka 1973, sheria za usalama zilidai pia bampa ziwe imara zaidi, nazo zikawa nzito. Nguvu zikashuka wakati uzito unapanda, na uwiano ukaharibika kwa ncha zote mbili.

Magari ya karne hii yamerudi na nguvu ambazo wazee hawakuziota. Dodge Challenger Demon ya mwaka 2018 ilifikisha nguvu za farasi 840 ikitumia petroli maalumu ya mbio. Hata hivyo ilikuwa na zaidi ya kilo 1,900, na kiwanda kiliiuza ikiwa na kiti cha dereva tu, abiria hawana pa kuketi, ili kuokoa uzito. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa Charger Daytona ya umeme, yenye zaidi ya kilo 2,600 kwa sababu ya betri yake. Betri hiyo imelazwa sakafuni, na hivyo uzito umewekwa mahali pema. Injini za umeme nazo hutoa kani kamili tangu kusimama. Lakini breki na tairi haziulizi nishati ilitoka wapi. Hujibu tungamo, kama zilivyolijibu mwaka 1964.

Hitimisho

Tumetumia maneno haya kwa mipaka ifuatayo:

Tungamo: kiasi cha maada katika kitu, kipimo chake ni kilo.
Uzito: kani ya uvutano juu ya tungamo, kipimo chake ni nyutoni.
Kani: msukumo au mvuto unaobadili mwendo.
Kazi: tendo la kani kukisogeza kitu katika masafa.
Nishati: uwezo wa kufanya kazi, kipimo chake ni juli.
Nguvu: kiasi cha kazi kwa kila sekunde, kipimo chake ni wati.
Mchapuko: badiliko la kasi kwa kila sekunde.
Inesha: tabia ya tungamo ya kukataa kubadilishiwa mwendo.
Mshiko: uwezo wa tairi wa kung'ang'ania barabara.
Mhamo wa uzito: kuhama kwa mkandamizo kutoka magurudumu haya kwenda mengine.

Pengine msomaji ataona kwamba mambo ya mbio za Wamarekani yako mbali naye. Hatuoni hivyo. Dereva wa lori lililozidishwa mzigo akiteremka milima ya Kitonga yumo katika hesabu hii hii, isipokuwa yeye hashindanii kikombe. Akiambiwa tu kwamba "gari lina nguvu", ataamini kwamba injini iliyompandisha mlima itamteremsha salama. Akielezwa kwamba kila tani aliyoongeza imeongeza nishati ambayo breki zake hazina budi kuigeuza kuwa joto, na kwamba joto hilo lina kikomo, ameelezwa jambo linaloweza kumwokoa yeye na abiria wa basi linalomtangulia.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa ufundi, wafasiri na waandishi wa vitabu vya udereva wayapime maneno haya katika kazi zao, wayatumie yale yanayofaa, na watuandikie kuhusu yale yasiyokaa sawa mdomoni mwa watu. Istilahi huthibitishwa na watumiaji, na baraza bora la kuipimia ni gereji na darasa.